Risala ya Wakazi wa Ksar Aghlal Kuhusu Gari la Wagonjwa na Dereva Wake

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Saa nane mchana, katikati ya Julai, injini ya gari letu la wagonjwa ilizimwa kwenye kizuizi cha barabara. Tunaanza na hilo, kisha tunakukaribisha. Tende na maziwa uliyopokea langoni yametoka kwa kila nyumba.

HISTORIA NA MAFANIKIO

Gari hili lilikuja likiwa limeshatumika kwingine. Mzee Belkheir amekuwa dereva wake tangu siku hiyo, na wengi wa watoto waliokuimbia leo wamezaliwa hospitali kwa sababu alifika.

CHANGAMOTO

Pampu ya dizeli imechakaa. Injini ikiwa baridi, gari huwaka mara moja. Ikipata moto, mafuta huwa mepesi, huvuja ndani ya pampu na hayafiki kwenye nozeli, zinazoyanyunyizia ndani ya injini, kwa nguvu inayotakiwa. Ikizimwa hapo, haiwaki mpaka pampu imwagiwe maji ipoe. Kwa hiyo Belkheir hazimi gari njiani, na hubeba kiriba cha maji.

Siku ile alimbeba Tourkia, aliyekuwa na uchungu wa uzazi na kutokwa damu. Muuguzi wetu, Messaouda, alikuwa naye nyuma. Tourkia aliomba maji mara kwa mara.

“Mzee, si maji ya gari haya?”

“Kunywa, binti yangu. Gari halina kiu.”

Kiriba kilikuwa kitupu walipofika kizuizini. Askari alikuwa mgeni kazini hapo, hakulijua gari letu.

“Zima gari, mzee. Ndiyo amri.”

“Mwanangu, hili likizimwa likiwa na moto haliwaki.”

“Gari gani hilo, au punda? Zima, nikague!”

Alilizima. Ukaguzi ulikuwa mfupi, lakini gari halikuwaka. Askari yule yule alimimina maji yake ya kunywa juu ya pampu, hayakutosha. Alisukuma na wenzake, magurudumu yakazama mchangani. Gari la askari lilikuwa limekwenda doria. Liliporudi, Tourkia na mtoto walikuwa wamekufa.

Fundi wa mkoa alilipima gari alfajiri, kukiwa na baridi. Liliwaka. Akaandika kwamba ni zima. Kwa maneno hayo Belkheir ameshtakiwa kwa uzembe, na Jumapili hii, wiki ya kazi ikianza, anasimama mahakamani.

MAOMBI

Tunahitaji pampu mpya. Lakini kabla ya pampu, tunaomba gari lipimwe likiwa na moto, mbele yako, na matokeo yaandikwe kwa sahihi yako yafike mahakamani kabla ya Jumapili. Ufunguo apige dereva wako, si mtu wetu.

Mungu akurudishe salama kwa watu wako, na awarehemu Tourkia na mwanawe.

Gari limeingia sasa hivi kutoka barabara ya kizuizini. Limeegeshwa juani, kando ya jukwaa hili, na limezimwa.

Ni sisi,
Wakazi wa Ksar Aghlal