Bang Gi-tae, Aliyetaka Barua za Ofisi Zieleweke

Ndugu waombolezaji, mlioacha kazi zenu mkaja kukaa nasi, familia imenituma mimi, dada yake, niwasomee maisha ya mpendwa wetu Bang Gi-tae, kama yalivyoandikwa na mjane wake, Gu Bo-ram.

Marehemu alizaliwa Yecheon tarehe 14 Machi 1984, mtoto wa pili wa mkulima wa tufaha, Mzee Bang Du-sik, akasoma hapo hapo shule ya msingi na sekondari, kisha chuo kikuu Daegu, na baada ya kuanguka mara mbili akafaulu mtihani wa utumishi wa umma mwaka 2010, akiwa amekariri maneno ya Kikorea cha zamani ambayo hata baba yake hakuwahi kuyatamka, akaajiriwa ofisi ya kata.

Januari 2016 aliandika tangazo la msaada wa mafuta ya kupashia nyumba joto, kwa maneno yale yale ya mtihani, na Bibi Eom Mal-sun, mkazi wa kata hiyo, hakulielewa, siku ya mwisho ya kuomba ikampita, akakaa kwenye baridi, akalazwa kwa homa ya mapafu, na alipopona alikuja ofisini na machenza mawili, akamwuliza, "Mwanangu, barua hii ulikuwa unamwandikia nani?" Hakumfokea, na hilo ndilo lililomuumiza marehemu zaidi. Tangu hapo marehemu alidai mtihani wa Kikorea ubadilishwe, upime kama mtu anaelewa anachosoma na kama anachoandika kinaeleweka, wenzake wakamcheka, "Wewe umeshapanda, sasa unavunja ngazi?"

Alimwoa Bo-ram tarehe 21 Oktoba 2017, na tarehe 3 Februari 2020 wakajaliwa binti, Da-on.

Mabadiliko yalipokubaliwa, aliitwa kuhakiki maswali ya kwanza ya namna mpya, na wahakiki hufungiwa nyumba moja bila simu mpaka mtihani ufanyike, ili maswali yasivuje, hivyo Machi 2025 alimwambia mkewe, "Mama Da-on, ni safari ya kikazi, usiniulize ya wapi," naye akamtilia soksi nene mkobani. Humo ndani tumbo lilimkamata, na Bwana Seok Hyeon-u, aliyelala naye chumba kimoja, alimwachia uji wake kila jioni na kumsihi awaambie wasimamizi kwamba anaumwa, lakini marehemu alimjibu, "Nikitoka, kila swali nililoligusa litatupwa, na wanaopinga watapata la kusema. Nyamaza, kaka, tumekaribia." Jumamosi mtihani ulipokwisha alifika nyumbani akijishikiza ukutani, kidonda cha tumbo kilikuwa kimetoboka, akapasuliwa siku hiyo hiyo, na tarehe 9 Aprili 2025 alfajiri akafariki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule aliyemchana nywele kabla mkewe hajaingia kumwona, majirani wanaomlea Da-on, na wenzake wa ofisini wanaogawa supu tangu jana. Bwana Seok, umekaa mlangoni hujagusa chakula, Bo-ram anasema ingia ule, kwa maana aliyekuziba mdomo ni mumewe, naye hana kinyongo nawe. Kama kazi ile ilistahili roho ya mtu, Bo-ram hajui, wala sisi hatujui. Mtoto anauliza baba anakula wapi.

Gi-tae, mdogo wangu, umechoka, lala sasa kwa amani.