Mama Fumua wa Kiganjo na Majoho Ishirini

Tunamshukuru Mungu kwa miaka sitini na tisa aliyompa marehemu Tryphosa Wakonyo Theuri, nami nawaomba mnisamehe sauti yangu ikipanda. Mimi ni Nyawira, kitinda mimba wake. Nilipotoka nyumbani asubuhi hii nilikuwa na huzuni tupu, lakini nimeiona kwaya imesimama pale na majoho mapya, na moyo umeanza kunidunda kama wa mtu aliyeshinda mbio. Sababu nitaifikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 huko Kangema, Murang'a, mtoto wa tatu wa marehemu Gathogo na marehemu Nyawira, wakulima. Mimi nilipewa jina la nyanya huyo, kwa hiyo marehemu hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita maitu, yaani mama yangu. Hata akinigombeza, alimgombeza mama yake kwa adabu.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini kuanzia 1964 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka wa 1970. Hesabu za ubaoni zilimtoa jasho. Kisha mwalimu wa sayansi kimu akawagawia wasichana vipande vya gunia la sukari na nyuzi za rangi, akawafundisha kushona misalaba midogo, mmoja kwa kila tundu, mpaka ua litokee. Hapo marehemu alihesabu matundu mia tatu bila kukosea, na mwalimu hakuamini macho yake. Alisomea ushonaji mjini Nyeri tangu 1972, akahitimu Novemba 1973.

Tarehe 9 Desemba 1978 alifunga ndoa na baba yetu, Mzee Harrison Theuri, aliyekuwa dereva wa lori la vitunguu kutoka Timau. Watu husema baba alileta mahari. Mama alisema alileta nyavu. Zile nyavu nyekundu za vitunguu ndizo zilizomfanya awe fundi wa kipekee, kwa maana kitambaa cha blauzi hakina matundu ya kuhesabu. Alitandika wavu juu ya nguo, akashona misalaba akifuata matundu ya wavu, na alipomaliza akauchomoa uzi mmoja mmoja. Ua lilibaki kwenye nguo limenyooka, na hakuna aliyejua vitunguu vilipita hapo.

Alifungua kibanda chake Kiganjo mwezi Februari 1985. Mwaka wa 1991, Mama Beverlyne, mke wa polisi aliyekuwa amehamishwa kutoka Kakamega, alileta blauzi nyeupe ya kuvaa kanisani. Jumamosi alikuja kuichukua, akamkosa marehemu, akaiona imetundikwa na wavu wake bado juu. Akadhani hiyo ndiyo fashoni ya Nyeri. Alienda nayo, akaipiga pasi ya makaa, na ile plastiki ikayeyuka kifuani. Alirudi analia. Marehemu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akakata sehemu iliyoungua, akaweka kiraka na kukifunika kwa maua ya viazi, ya zambarau. Jumapili iliyofuata wanawake sita waliuliza maua ya viazi yanapatikana wapi. Tangu siku hiyo hao wawili hawakuachana.

Lakini jina la Mama Fumua alilipata kwa ukali. Kila msalaba una uzi wa chini na uzi wa juu, na kwake uzi wa juu lazima ulale kulia, kuanzia kola mpaka upindo. Mmoja ukilala kushoto, alisema, "Fumua." Hata kanisani, baada ya ibada, alikushika upindo wa nguo, akaugeuza, akaangalia upande wa nyuma. Wengi walio hapa walishikwa hivyo, na mkicheka najua ni nani.

Mimi natumia mkono wa kushoto. Misalaba yangu yote hulala kushoto, hata nijikaze vipi. Nikiwa na miaka kumi nilishona kitambaa cha kiti mara nne, na mara nne nikaambiwa, "Maitu, fumua." Nikaacha sindano. Nikawa mwalimu, na kwa miaka ishirini na tano sikushona hata kifungo mbele yake. Hilo lilituuma sote wawili, ingawa hatukulisema.

Mwaka jana kwaya ilimwagiza majoho ishirini ya kufungulia kanisa jipya, Jumapili hii ijayo, tarehe 24 Agosti. Mwezi Februari mwaka huu madaktari waligundua saratani ya kongosho. Alipambana nayo kwa ujasiri, na huku akishona. Kufikia Julai majoho kumi na tisa yalikuwa tayari, na vidole vikakataa. Hakuogopa kufa, alichoogopa ni mtu mmoja wa kwaya kusimama siku hiyo bila joho. Akaniita, akanipa wavu.

Nilishona wiki tatu kando ya kitanda chake. Jumapili tarehe 10 Agosti nilimpelekea joho la ishirini, nikiwa na mkasi mkononi tayari. Aligeuza kola. Aliiangalia sana. Nikamwambia, "Mami, najua. Imelala kushoto. Nafumua saa hii."

Akasema, "Wacha. Hii usifumue."

"Si watu wataona haifanani?"

"Waone. Watajua tulikuwa wawili."

Alifariki Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, saa nne asubuhi, nyumbani Kiganjo, mkono wake ukiwa ndani ya wangu wa kushoto.

Ameacha mume, Mzee Harrison Theuri, watoto watatu, yaani Wambugu (na mkewe Anita), Wachuka, na mimi, wajukuu watano, ndugu yake Ngugi wa Kangema, na rafiki yake Mama Beverlyne, ambaye yuko mstari wa mbele wa kwaya. Tukimaliza, mwendeeni mmshike kola mwangalie, kama marehemu angefanya. Joho la ishirini ni lake, na misalaba yake yote imelala kushoto.

Maitu wangu, Mungu akulaze pahali pema. Hapa hakuna kitu cha kufumua.