Viatu Juu ya Mwamba

Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi moja refu nje ya kibanda cha kinyozi, mguu mmoja umeegeshwa kwa tofali, birika la kahawa katikati. Hapo ndipo Kitambaa alipokimbilia na picha yake kwapani. Jina hilo alibandikwa kwa sababu ya kamera yake ya sanduku, kubwa kama stuli, ambayo kila akiilenga lazima ajifunike kichwa kizima kwa kitambaa cheusi. Mkewe aliomba picha moja tu, ya nyeusi na nyeupe, amesimama kwenye maporomoko, aitundike sebuleni. Leo mkewe alikuwa anakuja kuichukua, na Kitambaa alitaka ushauri kwanza.

— Toa tuone, alisema Spoku, fundi baiskeli.

Wakainama. Miamba imetoka safi, kila ufa unaonekana. Maji yamekuwa moshi. Juu ya mwamba mmoja, viatu viwili vya kike, vimetulia kabisa. Juu ya viatu, moshi mwingine.

— Shemeji kaenda wapi?

— Yupo. Lenzi inakaa wazi muda mrefu, kinachotikisika kinayeyuka. Miguu aliituliza, huku juu akatikisika.

— Wapi! alidakia Redio, kinyozi asiyeweka siri. Hiyo kamera ina wivu.

— Wivu gani? Yale maji yana sumaku, alisema Spoku. Yanavuta watu wembamba.

— Shemeji mwembamba?

— Basi yanavuta wanene. Viatu vimebaki kwa sababu vilikuwa vinabana.

— Mwambie umempiga roho, alishauri Redio. Roho haina uso. Wakubwa wote siku hizi wanapigwa hivyo, hata pasipoti ni viatu tu.

— Hamjambo mashemeji?

Wote wakageuka. Mkewe huyo, keshaichukua picha. Akaitazama weee.

— Hapa nilikuwa nacheka. Ulipoteleza ukakaa majini.

— Ndiyo.

— Ukajua picha inaharibika?

— Nilijua.

— Sasa mbona hukuniambia ninyamaze?

Spoku akakikodolea macho kikombe chake. Redio akasogea karibu, asikose neno. Tangu mkewe amzike mama yake, hakuwahi kucheka vile, na siku ile Kitambaa alikaa palepale majini, suruali imelowa chapachapa, furaha imemjaa hata akachelewa kufunga lenzi. Sasa maneno kama hayo mtu anayasemaje mbele ya Redio?