Ini Liko Ubavuni, Shingoni Mnatafuta Nini?

Akina mama wenzangu, Mungu ni mwema, nasimama mbele yenu nikiwa na tumbo langu la kawaida. Lile lingine lililovimba mnalikumbuka. Wengine mliuliza ati niko na mimba na umri huu. Wengine mkasema ni pombe, na mimi hata muratina sijawahi kuonja. Kwetu ikasemekana nimelishwa sumu, nami nikaamini. Nikaacha kula kwa watu, nikawa nanunua mizizi ya kutoa sumu.

Macho yalipogeuka manjano, dada yangu alinipeleka hospitali kubwa huko Nyeri. Daktari alikuwa msichana wa rika la binti yangu. Akasema ini limeumia, sababu haijulikani, kwa hivyo watatoa kipande kidogo wakipime.

"Tutapitia mshipa wa shingo," akasema.

Ndugu zangu, nawaambia, nilishuka kitandani nikatafuta viatu. Nimefuga mbuzi maisha yangu yote. Najua shingo hushikwa lini.

"Ini liko hapa ubavuni," nikamwambia. "Shingoni mnatafuta nini?"

Akavuta kiti, akaketi. "Mama, damu yako haigandi vizuri, na tumbo limejaa maji. Tukidunga ubavuni, unaweza kuvuja damu tumboni. Tukipita ndani ya mshipa mpaka kwenye ini, damu ikitoka, nyingi inarudi mshipani humo humo."

"Na hatari hakuna?"

"Iko. Bado unaweza kuvuja damu, na moyo unaweza kupiga ovyo kidogo tukipita karibu nao. Tutauangalia kwa mashine. Lakini bila hicho kipande, dawa tutakupa kwa kukisia."

Hilo neno "iko" ndilo lilinirudisha kitandani. Waliokuwa wameniuzia mizizi wote waliniambia hakuna shida.

Hata hivyo nilimweka dada mlangoni alinde. Nilikuwa macho. Walinitia ganzi, nikahisi kusukumwa shingoni, moyo ukaruka kidogo, bega likauma, basi. Majibu yalipotoka, hapakuwa na sumu wala pombe. Kinga ya mwili wangu ndiyo ilikuwa inashambulia ini. Dawa za ugonjwa huo ziko, na mpaka leo nazimeza.

Asante dada yangu. Asanteni mliochuma kahawa yangu nikiwa nimelazwa. Na yule daktari, Mungu amtunze.

Siwaambii mumwamini kila mtu wa koti jeupe. Mimi mwenyewe sijafika huko. Shuku, mama, lakini shuku ukiwa mbele ya daktari, umuulize akujibu. Usishuku ukiwa umejifungia nyumbani, na tumbo linazidi kujaa.