Springi Kwenye Kiti cha Abiria

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi, popote mlipo, jikoni, dukani au njiani. Kama uko kwenye usukani, punguza mwendo kidogo, maana leo tunamkumbuka mwenzako. Tunamkumbuka dereva wa malori aliyejulikana kwa jina moja tu, Springi. Springi alifariki wiki iliyopita, mchana kweupe, mkewe akiwa pembeni yake. Narudia kwa mliofungua redio sasa hivi: Springi, dereva wa malori kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, ametutoka.

Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na madereva wenzake, kwa sababu hakuweza kutulia. Kwenye kikao alikaa mara akainuka. Chakula alikula amesimama, sahani mkononi, akichungulia dirishani kama mtu anayesubiri kuitwa. Binti yake wa mwisho, ambaye ni msusi, anasema hivi: "Tulipokuwa wadogo tulidhani baba hana magoti."

Mkewe ni mkunga mstaafu. Walikutana hospitalini, siku Springi alipompeleka dada yake kujifungua. Alitembea koridoni huku na huku, huku na huku, mpaka mkunga akatoka wodini akamuuliza, "Kaka, anayejifungua ni wewe au dada yako?" Tangu hapo akamwita Sista. Naye akamwita Dereva. Wakaoana, wakazaa, wakalea, wakaota mvi, na majina yakabaki yaleyale.

Lakini kuishi pamoja, wasikilizaji wapendwa, hawakuishi sana. Huyu yuko safarini, yule yuko zamu. Huyu akirudi, yule anatoka. Sista alituambia akicheka kidogo: "Tulikuwa na ndoa ndefu. Ila ukitoa safari zake na zamu zangu, tulikuwa bado maharusi."

Sista alistaafu kwanza, akaizoea nyumba yake na ukimya wake. Kisha Springi naye akastaafu, tena kabla ya wakati. Hapa nisikilizeni vizuri. Hakustaafu kwa kupenda. Alianguka yadini, mara ya kwanza na mara ya pili, bila dalili, kama taa iliyozimwa. Daktari akampima moyo, akamwambia mbele ya mkewe, "Mzee, usukani basi. Lori basi, na gari dogo basi." Springi akaitikia kwa kichwa. Sista alikuwa amekaa palepale. Alisikia kila neno.

Hivyo ndivyo Springi alivyorudi nyumbani kukaa, naye kukaa hakujui.

Wiki ya kwanza alitengeneza mlango wa bafuni, ambao haukuwa na tatizo lolote. Tangu siku hiyo ukawa haufungi. Aliyeingia kuoga ilibidi aimbe, ili wengine wajue kuna mtu. Wiki iliyofuata alihamisha sufuria kutoka kabati hili kwenda kabati lile, halafu akamuuliza mkewe mbona sufuria hazionekani. Makochi ya sebuleni aliyageuza yote yakatazama barabara. Wageni wakija wanakaa wamepangana kama abiria, wanaongea bila kuonana nyuso.

"Nilikuwa na mume mgeni," anasema Sista. "Sasa nikawa na mume fundi. Ningeambiwa nichague, ningemchagua yule mgeni."

Akaona dawa yake ni kutoka. Si safari kubwa, matembezi tu ya hapahapa. Wakaenda bustani ya manispaa. Wakaenda makumbusho. Wakaenda bwawani, Sista amebeba mkeka na chupa ya chai. Popote walipofika, Springi alizungusha macho mara moja, kisha akasema, "Haya, tumeshapaona. Turudi." Kule bwawani Sista alimimina chai, akageuka kumpa kikombe, mtu hayupo. Alimkuta kwenye maegesho, ameinama, anakagua matairi ya magari ya watu.

"Dereva, nimekuleta uone maji."

"Maji nimeyaona. Hili tairi la huyu bwana limekwisha upande mmoja. Akipata mvua njiani ataniita."

"Atakuita wewe kama nani?"

Springi akainamia tairi la gari lingine. Sista anasema mgongo ule ulimchoma kuliko jibu lolote. Alimimina ile chai chini, wakarudi nyumbani.

Halafu, ghafla, Springi akatulia. Akawa anaoga mapema, anavaa shati safi, anaaga: "Naenda kucheza drafti na wenzangu." Anarudi jioni amechoka, macho yanang'aa. Anakaa, wasikilizaji wapendwa. Anakula amekaa. Analala usingizi mzito. Kwa Sista ilikuwa raha, ila ni raha iliyokuja haraka mno. Binti yao msusi alipokuja kumsuka mama yake alimnong'oneza, "Mama, usinielewe vibaya, lakini baba ananawiri. Hana mtu kweli huko?" Sista akamwambia anyamaze, asije akazikaza nywele kwa hasira. Lakini neno likabaki kichwani. Akaanza kunusa mashati. Manukato hakuyasikia. Alisikia dizeli.

Siku moja alikwenda kumjulia hali mkunga mwenzake aliyekuwa mgonjwa. Wamekaa barazani, tipa la mchanga likapita. Dirishani kilikuwa kiwiko kimetokeza nje. Kiwiko tu. Sista alikijua. "Nimekiosha, nimekipaka dawa, nimekilalia," alituambia. "Kiwiko cha mume wangu nitakikosaje?"

Alirudi nyumbani. Hasira aliyotarajia kuwa nayo hakuwa nayo. Alikuwa na hofu. Aliyaona makutano yote ambayo lile tipa lingepita, na watu wote waliosimama pembeni wakisubiri kuvuka. Aliwaza kupiga simu kwa mkandarasi mwenye lile tipa. Aliwaza kuwaita watoto, wamkalishe baba yao kikao. Mwisho hakufanya lolote kati ya hayo. Alimjua mtu wake. Ukimzuia mlangoni, atatokea dirishani.

Kesho yake Springi alitoka bafuni akamkuta mkewe ameshavaa, viatu miguuni, kitambaa kichwani.

"Leo tunatoka wote," akasema.

"Kwenda wapi?"

"Unakokwenda."

Springi akasimama na taulo begani. Neno drafti hakulitaja; akaenda kuvaa. Wakaongozana mpaka yadi ya mkandarasi. Springi akamfungulia mlango wa kebini, akamsukuma mgongoni apande, maana ngazi ya tipa si ya mama mwenye magoti ya uzee. Miaka yote ile ya ndoa, Sista hakuwahi kupanda gari la mumewe.

Na sasa anamwona. Springi amekaa. Mgongo umenyooka, mabega yamelegea, mkono mmoja kwenye usukani kama mtu aliyemshika mtoto wake. Hatikisi mguu. Hachungulii. Anamwonyesha mkewe vilima, vichochoro vya kupitia foleni ikizidi, mahali alipowahi kupasukiwa tairi akiwa kijana. "Nilikuwa nimejipanga kumwambia maneno makali tukirudi," anasema Sista. "Lakini nilimtazama nikasema, kumbe. Kumbe huyu mtu hajawahi kuwa na matatizo ya kukaa. Alikuwa tu hajapewa kiti chake."

Walikuwa wameshapakia mchanga, wanateremka mteremko mrefu, pale Springi alipomuuliza, "Chai uliibeba?" Sista akasema hakubeba. Baada ya muda mfupi akauliza tena, "Chai uliibeba?" Sista akageuka. Uso wa mumewe ulikuwa umelowa jasho. Mkunga anaijua rangi ile ya midomo. Tipa lilikuwa linavutika taratibu kuelekea pembeni, na pembeni kulikuwa na watu wamepanga foleni ya maji, na ndoo zao.

Hakupiga kelele. Aliweka mkono juu ya mkono wake, akaongea kwa ile sauti ya wodini. "Dereva. Breki. Kanyaga breki. Hivyohivyo. Tena. Usiache."

Tipa likasimama. Ndoo ya mbele kabisa ilibiringika, mwenyewe akaifuata akilalamika, hajui alichoponea. Springi alipumua, akapumua tena. Macho yakarudi. Akaitazama ile foleni kwa muda, mtu mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Kisha akazima gari mwenyewe.

"Ungeniambia jana, ningekubishia," akasema.

"Ndiyo maana sikukuambia."

Akampigia mkandarasi simu palepale, akamweleza ukweli wote, mpaka wa daktari. Mkandarasi alifoka, naye hakujitetea. Gari lilipokuja kuchukuliwa, wao wakarudi nyumbani kwa miguu, wakipumzika kila palipokuwa na kivuli.

Ningependa kuwaambia kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa mazuri. Hayakuwa. Ule ulikuwa wakati mbaya kuliko yote. Springi hakutaka kutoka tena, na kukaa hakuweza. Alizunguka sebule mpaka kapeti likaisha njia moja. Alimjibu mkewe vibaya. Siku moja alimwambia, "Umenizika, Sista, na bado naona." Sista alitoka nje akafua nguo zilizokuwa safi.

Akifua, alikuwa anakifikiria kile kiti.

Mkwe wao, mume wa yule msusi, alikuwa na gari dogo kuukuu alilotaka kuliuza. Sista akamwambia asiliuze. Akaenda akajiandikisha shule ya udereva, yeye na mvi zake, miongoni mwa vijana wa umri wa wajukuu zake. Akarudi nyumbani na kibao cha mwanafunzi, akakiweka mezani mbele ya mumewe.

"Mwalimu wangu ni mkali na hana akili," akasema. "Nataka mwalimu mwingine."

Springi alikitazama kile kibao. Akamtazama mkewe. Akakaa.

Wasikilizaji wapendwa, mtaa mzima unakumbuka masomo yale. Mwalimu wa shule alikaa mbele na Sista, na Springi kiti cha nyuma, kichwa kimepenya katikati yao, anamsahihisha mwalimu pia. "Klachi polepole, Sista, unaikanyaga kama umeona panya." Siku Sista alipopata leseni, Springi alihamia mbele, kiti cha abiria, na hapo ndipo alipokaa tangu wakati huo. Mguu wake ulikanyaga sakafu kila walipokaribia makutano, mpaka mpira wa miguuni ukatoboka. Lakini alikaa.

Sasa wakawa wanatoka kila siku. Posta, kuona kama kuna barua, nao hawaandikiwi na mtu. Mashine ya kusaga. Kwa binti yao saluni, kusalimia dakika chache na kuondoka. Lile bwawa pia, ila hawakushuka. Walilizunguka, wakageuza, wakarudi. Sista alielewa kwamba kufika hakukuwa na maana kwa mumewe. Maana ilikuwa njiani. Na njiani waliongea, mambo waliyopaswa kuongea walipokuwa vijana. Alimweleza watoto aliowapokea, na wale ambao hawakulia. Springi alimweleza barabara alizopita akilia peke yake, usukani mkononi, akimkumbuka yeye.

Hata hivyo hakuwahi kutulia kabisa, tusidanganyane. Gari likisimama kwenye taa alianza kugonga magoti. "Twende, Sista." "Taa ni nyekundu, Dereva." "Najua. Nasema tu."

Wiki iliyopita walitoka baada ya chakula cha mchana kwenda kununua balbu. Sista anatusimulia mwenyewe: "Nilifika kwenye kile kilima cha shule. Nikachelewa kubadilisha gia, gari likanguruma vibaya sana. Nikasubiri anitukane. Kimya. Nikasema, leo mwanafunzi amefaulu. Kisha nikatazama mguu wake. Ulikuwa umelala."

Mkunga alijua. Aliegesha pembeni vizuri, akawasha taa za tahadhari, akamshika shingoni, chini ya taya, akangoja zaidi ya inavyohitajika. Kisha akamkaza mkanda, akampeleka hospitali mwenyewe, mwendo wa taratibu, kilima chote na mzunguko wote, bila kuzimisha gari hata mara moja. Madaktari walipomfungulia mlango walimkuta Springi amekaa, mgongo umenyooka.

Springi amezikwa. Ameacha mke, watoto na wajukuu. Kwa niaba ya kipindi hiki na ninyi nyote mnaotusikiliza, tunatoa pole kwa Sista, kwa binti yake msusi na ndugu zake, kwa mkwe, na kwa madereva waliopiga honi zao mazikoni mpaka makaburi yakaitika. Mungu amlaze mahali pema.

Na sisi tuliobaki tufikirie jambo hili. Pengine nyumbani kwako yupo mtu aliyestaafu, anazunguka, anafungua na kufunga makabati, anakuudhi. Kabla hujamwambia akae, jiulize kama umewahi kumwona mahali alipokuwa anakaa. Na kama hujawahi, mwambie akupeleke.

Tulipomtembelea Sista juzi, tulimkuta mlangoni, ufunguo wa gari mkononi. Tukamwambia tusamehe, mama, kumbe unatoka. Akasema hapana, alikuwa amesharudi. Alikuwa ametoka asubuhi, akarudi. Akatoka tena, akarudi. Tukamwomba akae kidogo tuzungumze.

"Zungumzeni tu, wanangu, nawasikia," akatuambia, akiitazama barabara. "Kukaa ndiyo siwezi. Sijui nimeanza lini."