Mlango wa Mbele wa Bi Mwantumu

Kwa niaba ya ukoo wa Mzee Zubery wa Iringa, na kwa niaba ya watoto wa marehemu Othmani wa hapa Mbeya, tunawaombeni mtulie kidogo, walio juani wasogee ukutani, tuwasomee maisha ya Bi Mwantumu binti Zubery kabla hajatolewa ndani ya nyumba yake, na hilo neno nyumba yake tunalitamka kwa sauti makusudi, ili hata waliosimama kule barabarani walisikie.

Marehemu alizaliwa mjini Iringa tarehe 12 Aprili 1919, mtoto wa tatu wa Mzee Zubery, mchuuzi wa nguo aliyepanda huku juu kutoka Bagamoyo, na Bi Mwanakhamisi, mzaliwa wa Kilwa, aliyekuwa somo wa maharusi pale mjini, yaani mwenye kuwafunda na kuwapamba. Alisoma chuo cha Kurani hapo hapo Iringa akahitimu mwaka 1931, na ingawa shule ya serikali hakupelekwa kwa sababu alikuwa mtoto wa kike, alimganda kaka yake kila alipofungua daftari mpaka akafundishwa herufi za kizungu, na alipokatazwa hakukatazika. Tangu hapo ndugu zake tulijua kwamba huyu ukimwambia hapana, umempa kazi ya kufanya.

Kazi yake aliirithi kwa mama. Alijifunza kusaga liwa, ule mti wa manukato, juu ya jiwe, kuichanganya na karafuu na maji ya mawardi ikawa singo, kumsinga bibi harusi mwili mzima mpaka ngozi ilainike, kupaka hina, kutinda nyusi, kusuka na kufukiza nguo kwa udi, na hata kabla hajaolewa kina mama wa Iringa walikuwa wakimwita yeye badala ya mama yake, wala mama hakununa. Tarehe 6 Novemba 1937 alifunga ndoa na Bwana Othmani, mfanyabiashara wa mchele, wakahamia Mbeya, na Mungu akawajalia watoto wawili, Waridi aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1939, na Zubery, aliyepewa jina la babu yake, aliyezaliwa tarehe 19 Agosti 1943. Nyumba hii mnayoiona ilikamilika mwaka 1947, na udongo wa kuta zake marehemu aliukanyaga kwa miguu yake mwenyewe.

Mwaka 1951 Bwana Othmani aliiweka nyumba rehani kwa tajiri mmoja wa hapa mjini ili anunue lori la kuchukulia mchele Usangu, na mwezi Septemba 1952 lori hilo likapinduka karibu na Igawa, mchele ukalowa wote, naye akaumia kifua kiasi ambacho hakuinuka tena, akafariki tarehe 9 Januari 1953. Marehemu alikaa eda kama dini inavyotaka, bila hina, bila manukato, na akiwa ndani humo, hawezi kutoka hata kwenda sokoni, shemeji yake Bwana Muhidini alikaa na tajiri wakakubaliana kwamba nyumba iende, mjane arudi kwa wazazi wake Iringa, na watoto wagawanywe, mmoja huku, mmoja kule. Habari hiyo aliletewa na jirani kupitia dirishani.

Katikati ya Mei, siku ile ile eda ilipokwisha, aliagiza hina, akajipaka mpaka kwenye viwiko, akavaa kanga mpya, akajitia udi, akaenda dukani kwa tajiri kwa miguu yake, akamwambia kwamba deni la Othmani analichukua yeye, atalilipa kila miezi mitatu kwa miaka sita, na kwamba nyumba ya watoto wake haigawanywi wala watoto hawagawanywi. Tajiri alicheka, kisha akakubali, kwa sharti kwamba akikosa malipo mawili mfululizo nyumba inachukuliwa na alichokwisha kulipa hakirudi. Kusema kweli alikubali kwa sababu alijua atakosa, na mji mzima ulijua hivyo hivyo, isipokuwa mtu mmoja.

Alirudi nyumbani, akaondoa viti vya sebuleni, akatandika mikeka, akaweka vyetezo vya udi na mabeseni, akaandika kwa mkono wake kibao, Bi Mwantumu, Kusinga, Hina, Nyusi na Kusuka, akakigongomea juu ya mlango wa mbele na kuweka bei ya kila kazi. Hapo ndipo maneno yalipoanza, kwa maana somo kwa desturi yetu hatoi bei, humtengeneza bibi harusi akapewa kanga na sahani ya pilau, na marehemu akaambiwa ameifanya heshima ya mama yake kuwa bidhaa ya genge. Aliwajibu kwamba kanga anazo kabatini, na hajapata kumwona tajiri anayepokea kanga. Wale waliokuwa wakimsema mchana waliwatuma binti zao wapitie mlango wa uani ili wasionekane, naye akaufunga mlango wa uani kwa komeo, akasema anayetaka kupendeza apite mbele.

Hatutaficha kwamba alikosea. Mwezi Juni 1953, katika ile baridi yetu ya kupasua midomo, alimsinga bibi harusi wake wa kwanza tangu kibao kipande kwa singo ya pwani kama alivyofundishwa, liwa tupu na mawardi, na liwa ikakaukia juu ya ngozi iliyokwisha kukauka kwa upepo, hata siku ya harusi yule binti akatolewa uso unabambuka. Marehemu alirudisha malipo, kisha akajipamba akaenda harusini na kuketi mbele kabisa, na waliokuja kumcheka walipata tabu kumchekea machoni.

Aliyemwinua ni Mama Sekela, ambaye yuko nasi hapa, Mnyakyusa wa Tukuyu na Mkristo wa kuzaliwa, aliyekuwa akipita na maziwa asubuhi, akaona lile beseni la singo, akamwuliza marehemu ni nani alimwambia Mbeya ni Kilwa, maana kwao Tukuyu mtu hupakwa mafuta kwanza ndipo asuguliwe, tena asuguliwe karibu na moto. Basi wakakaa chini wawili hao, wakajaribu samli, wakajaribu mafuta ya nyonyo, wakajisinga wao wenyewe mikononi mpaka wakapata singo inayostahimili baridi ya huku, na tangu siku hiyo walifanya kazi pamoja na kula sahani moja. Wapo waliomwuliza Mama Sekela anafuata nini katika nyumba ya moshi wa udi, na wapo waliomwuliza marehemu kwa nini mkono usioswali umguse bibi harusi wa Kiislamu. Wote wawili walijibu kwa kuongeza mkeka mwingine, na maharusi wa makanisani nao wakaanza kupita mlango wa mbele.

Mwaka 1956 alikosa malipo ya mwezi wa pili kwa sababu Waridi aliugua homa ya mapafu, na Bwana Muhidini, kwa kuona kwake mambo yamekwisha, akakiteremsha kibao, naye tajiri akaja na kamba kupima vyumba wakati mwenye nyumba yumo ndani. Marehemu alikipandisha kibao siku hiyo hiyo. Ulikuwa unakaribia mwezi wa Shaabani, ambao harusi hujaa kabla ya Ramadhani, akajifunga kibwebwe, akamwachia Mama Sekela nyumba na watoto, akapanda basi kwenda Iringa alikoitwa na kina mama waliomkumbuka. Mvua ilikuwa kubwa, basi likazama kwenye matope karibu na Igawa, pale pale lori la mumewe lilipopinduka, na abiria waliokuwa naye wanasema alishuka, akaitazama ile kona, akasema nawe leo hunipati, akaweka beseni la singo kichwani na kuwafuata wanaume waliokuwa wakisukuma. Iringa alisinga na kupaka hina nyumba hadi nyumba mpaka vidole vikachubuka, akarudi Mbeya mwezi wa Ramadhani ukiwa haujaandama, akalipa malipo yote mawili kwa mara moja, yale aliyoyakosa na yale yaliyokuwa yakija, na hakumsalimia tajiri zaidi ya ilivyolazimu.

Hakukosa tena. Maradhi ya uvimbe wa tumbo yalianza kumsumbua mwishoni mwa mwaka 1958, akaambiwa apumzike, akasema atapumzika nyumba ikiwa yake, akawa anafanya kazi ameketi, Waridi akisugua na yeye akielekeza, na tarehe 30 Mei 1959 alimaliza rehani na kurudishiwa hati mbele ya mashahidi. Alilazwa hospitali ya hapa Mbeya mwezi Septemba, akaomba arudishwe nyumbani, na jana, Jumatano tarehe 14 Oktoba 1959, alfajiri, alifariki katika chumba chake, chini ya bati lake, mkono mmoja ameushika Waridi na mwingine Mama Sekela.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani mliokesha nasi, kina mama waliomwosha na kumsinga kwa mara ya mwisho, Mama Sekela ambaye hatuna neno la kumtosha, na maharusi wake wote, waliopitia mlango wa mbele na hata wale waliojaribu wa uani. Wengine mnajijua, na marehemu hakutuachia salamu zenu.

Sasa, kwa desturi yetu, kabla ya jeneza kuinuliwa huulizwa kama yupo anayemdai marehemu, ajitokeze watoto wamlipe. Tajiri aliyeshika rehani yuko hapa, tumemwona na tumempa kiti. Tunamsubiri.

Haya. Wote mmesikia, hakuna anayemdai. Jeneza litatoka kwa mlango wa mbele, na shemeji Bwana Muhidini ameomba kubeba, hatukumkatalia, tumempa pembe ya mbele, ili awe wa kwanza kuinamisha kichwa chini ya kibao kile alichokiteremsha. Matanga ni siku tatu, na siku ya nne asubuhi Waridi na Mama Sekela watatandika mikeka na kuufungua mlango, bei ni zile zile. Bi Mwantumu, ulisema utapumzika nyumba ikiwa yako. Ni yako, mama, basi pumzika kwa amani.