Bi. Verna Anashuka Kwenye Chikadii

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kusukuma theluji hapa Haskell Mills, Bi. Verna Ouellette anastaafu rasmi tarehe 30 Aprili. Sisi wa karakana ya barabara tumeshaanza kugombania kiti chake cha karibu na jiko la kuni.

Aliajiriwa mwaka ule watoto wa shule ya msingi walipopewa kazi ya kulibatiza lori jipya la theluji. Mjini tayari palikuwa na mkahawa wa Chikadii, kwaya ya Chikadii, timu ya kikapu ya Chikadii, na nyumba ya wageni ya Chikadii ambayo wageni wake hatujawahi kuwaona. Watoto wakafikiri weee, wakaliita lori Chikadii. Lori zito vile, jina la kindege chenye kofia nyeusi ambacho kikitua kiganjani mwako huhisi hata uzito wake! Verna hakucheka. Alisema baridi ikija ndege wengine hukimbilia kusini, huyu hubaki, kwa hiyo jina limefaa.

Hasimu wake alikuwa Mzee Delbert Grindle wa Barabara ya Tannery. Lori la theluji likipita huacha tuta mbele ya njia za kuingilia nyumba za watu, hakuna namna. Mzee Delbert alishikilia kwamba tuta lake ni la makusudi. “Yule mama ananionea! Kwa jirani kijiko, kwangu mlima!” Mwishowe, mwaka mmoja, akapeleka hoja kwenye mkutano mkuu wa mji unaofanyika kila Machi: kazi apewe mkandarasi, Verna aende nyumbani. Na watu wengi walikuwa upande wake. Tuliogopa kweli, maana kazi hiyo ndiyo iliyomlisha Verna na mama yake mgonjwa.

Asubuhi ya kura ikaanguka theluji ya magotini. Tulimsihi aje ukumbini ajitetee. Wapi! Alikuwa barabarani. Mimi niliyekuwa kwenye redio ya karakana nikamwambia wazi, “Dada, Tannery iache mpaka mchana. Mwenye hoja asipofika, hoja imekufa.”

“Wee, koma! Kura ni yake, barabara ni yangu.”

Akaanza na Tannery. Tena akashuka na beleshi, akaliondoa tuta la Mzee Delbert lote.

Mzee akawa wa kwanza kufika ukumbini. Hoja yake iliposomwa alisimama, akavua kofia, akajikuna kichwa. “Jamani, mimi na huyu mama hatupatani, na kesho hatutapatana. Lakini nitainuaje mkono nimfukuze aliyenileta hapa?” Akaketi. Mikono iliyoinuka ilikuwa miwili tu: wa mkandarasi na wa shemeji yake.

Theluji iliyofuata, tuta la Mzee Delbert lilikuwa palepale, tena limeshiba.

Dada Verna, ahsante sana. Umetufikisha kazini, hospitalini na mazishini, hata sisi tuliokusema vibaya, na tutakukosa mno. Upumzike kwa raha na afya. Theluji ya kwanza ikianguka, usiamke: tumepanga zamu ya kusafisha mlangoni kwako, na aliyeng’ang’ania zamu ya kwanza ni Mzee Delbert.